Tela la Orval na Mzani wa Ysidra

Mume wangu Orval alipofariki aliniachia nyumba, mbwa kiziwi na tela. Nyumba niliiweza. Mbwa naye hakutaka mengi. Tela ndilo lililonishinda, maana sijawahi kuendesha gari lenye kitu kinachofuata nyuma, na kwa miaka yangu sabini na tatu sikuona sababu ya kuanza.

Alilitengeneza mwenyewe uani, juu ya fremu ya tela la zamani la kubebea boti, kwa plaiwudi na varnishi na matusi mengi. Umbo lake ni kama tone la maji lililolala ubavu. Ndani mna godoro la watu wawili, na ukiinua kifuniko cha nyuma unakuta jiko, rafu ya sufuria na mahali pa kuning'iniza vikombe. Mwanangu Royce alikuwa na miaka kumi na minne mwaka ule. Ndiye aliyeshika mbao baba yake akipiga misumari.

Kila mwisho wa Mei, ile wikiendi ya Siku ya Kumbukumbu, tulilivuta mpaka Korongo la Hatchet, tukalala siku tatu chini ya miti kando ya kijito. Watoto walikuwa wakipanda miamba kwa baiskeli tangu asubuhi na kurudi magoti yanavuja damu, wakiulizia maharage.

Orval alikuwa na sheria moja tu juu ya tela lile. Yeyote atakayelivuta, kwanza apite kwa Ysidra, yule mama anayeuza marobota ya majani ya ng'ombe na mwenye mzani wa magari kwenye uwanja wake. Apite akiwa amepakia kila kitu, watu wamekaa vitini, tela limefungwa nyuma. Gari likiwa limebebeshwa zaidi ya lilivyoruhusiwa na waliolitengeneza, tela linarudi uani, hakuna mjadala. Ndugu yake Orval, Lyle, alishuka mteremko wa Hatchet na tela zito nyuma ya gari lililojaa kupita kiasi. Tela likaanza kuyumba, likalisukuma gari pamoja naye mpaka bondeni. Tulimzika siku ya Jumatano. Tangu hapo katika familia yetu mzani ukisema hapana, hata mtoto mdogo hasemi neno.

Basi. Krismasi iliyopita tulikuwa kwangu wote, na mjukuu wangu Larkin, mtoto wa binti yangu Colleen, akaingia na theluji kwenye viatu akipiga kelele.

"Bibi, toka nje umwone mtoto wangu!"

"Mtoto? Ana baba?"

"Ana maili laki moja na themanini elfu."

"Basi huyo si mtoto. Huyo rika langu."

Ilikuwa pikapu ndogo ya milango minne, rangi ya majivu, ya kwanza katika maisha yake. Larkin ana miaka ishirini na miwili, anatengeneza baiskeli dukani mjini, na kila senti yake ilikuwa imekwenda pale. Akaizunguka mara tatu akinionyesha: hapa nitalala, hapa nitaweka baiskeli, hapa nyuma nitafunga donge la chuma la kuvutia. Aliposema kuvuta akanitazama kama mtoto anayenusa keki.

Nikasema pale pale, mbele ya wote wenye vikombe mkononi. Nikasema kama kufikia Siku ya Kumbukumbu pikapu ya Larkin itapita kwenye mzani wa Ysidra na tela nyuma, na mimi kitini, basi tela la Orval ni lake. Isipopita, litakwenda kwa Royce, ambaye pikapu yake kubwa inavuta tela la farasi na ingevuta hata kanisa.

"Kumbe mimi ni wa akiba, Mama?" Royce akauliza, akicheka.

"Limekaa uani kwangu miaka sita hujalivuta hata mara moja."

"Nilikuwa na kazi."

"Najua. Na huyu ana hamu."

Akakuna ndevu. Kisha akamwekea Larkin mkono begani. "Sawa. Gari nitamtengenezea mimi mwenyewe. Kila Jumamosi, gereji kwangu. Usimpe fundi mwingine, atakuibia."

Nilimshukuru Mungu usiku ule kwa mwana niliyempata. Nalisema hili ili mjue moyo wangu ulikuwa wapi.

Majira ya baridi yote Jumamosi zetu zikawa hizo. Gereji ya Royce ina jiko la kuni, na mimi nilikuwa na kiti changu karibu nalo na cherehani juu ya meza. Larkin alikuwa chini ya gari au juu yake. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unataka kazi nao, basi nilikuwa nawategea vitendawili kama nilivyofanya walipokuwa wadogo.

"Kitendawili!"

"Tega," Larkin anajibu kutoka uvunguni.

"Nyumba yangu ina miguu miwili na pua moja, haiendi popote mpaka ishikwe pua."

"Tela! Bibi, hiyo rahisi, naliona dirishani."

"Haya. Farasi wangu wawili nimewanyonga shingo, na bado wanataka safari."

Spana ikagonga sakafu. "Nipe mji," nikamwambia, kama kawaida ya anayeshindwa.

"Nakupa Pueblo."

"Pueblo nilikwenda, nikala, nikalala, watu wakaniuliza Larkin hajambo, nikasema hajambo ila hajui baiskeli zake mwenyewe."

Maana baiskeli ndizo hasa nilizokuwa nazishonea. Tela likifungwa kwenye donge la chuma la nyuma, pale pa kuchomeka keria ya baiskeli hapapo tena. Kwa hiyo vijana hutupia tairi la mbele nje ya mlango wa nyuma wa pikapu, mwili wa baiskeli ukabaki ndani, na katikati panawekwa mto mnene ili chuma kisikwaruze chuma. Nilishona mto ule kwa turubai na sponji, na mikanda ya kukamata shingo za baiskeli. Royce aliushika, akauvuta kwa nguvu. "Huu hauchaniki, Mama. Ungeuza hivi." Nikavimba kichwa wiki nzima.

Yeye Royce hakuwahi kutoa mji, tangu utotoni. Akikosa jibu alikuwa anakaa kimya mpaka siku ya pili, halafu analeta jibu wakati wa chai. Mtoto mvumilivu.

Kila Jumamosi kulikuwa na kitu kipya kwenye gari, na kila kitu kilikuwa na sababu nzuri. Kwanza likaja bampa la chuma la mbele, lenye winchi ya kujivutia ukikwama.

"Mjomba, la nini? Hili la kwanza halina shida."

"Kulungu. Unataka kulungu aingie na pembe mpaka kwenye redieta? Na bibi yako amekaa mbele?"

Larkin akanitazama. Mimi nikaogopa kulungu. Bampa likafungwa.

Likaja paa la kufunika bodi ya nyuma. Juu ya paa keria, juu ya keria hema la kukunjua lenye ngazi.

"Si tela lina godoro?" Larkin akauliza.

"Godoro atalala bibi yako. Wewe unakoroma kama trekta, utalala wapi?"

Tukacheka sana. Kweli anakoroma.

Makabati ya droo ndani ya bodi aliyatengeneza Larkin mwenyewe, kwa plaiwudi nene aliyochagua Royce. Hiyo kazi ilimchukua mwezi. Alipiga msasa, akapaka varnishi tabaka nne, akakata mahali pa vidole kwa umbo la jani. Droo moja ya vyombo, moja ya spana za baiskeli, na ndefu ya katikati ya nguo zangu, maana alisema bibi hatainama kutafuta soksi kwenye mfuko. Mwisho kabisa, mwezi wa nne, ikaja friji ndogo na betri kubwa ya kuilisha.

Kabla ya friji, siku moja mwezi wa tatu, nilitoka nje na kikombe changu, nikaitazama ile pikapu kutoka ubavuni. Mbele imeinua pua, nyuma imeshuka.

"Royce, mbona imekaa kama mbwa anayesubiri mfupa?"

Akaja, akasimama nami, akatazama. "Umeona vizuri, Mama," akasema. Jumamosi iliyofuata alikuwa amenunua springi ngumu za nyuma, wakazifunga, na gari likasimama wima kama mwanajeshi. "Je?" akaniuliza. Nikampa Montrose, mji mzima, kwa mapenzi yangu.

Na Larkin aliuliza. Hilo nataka lieleweke. Ni gari lake la kwanza lakini si mjinga. Nilimsikia kwa masikio yangu mara tatu: "Mjomba, una hakika haijazidi?" Mara ya kwanza Royce alimwambia, "Gari hili linavuta ratili elfu sita. Tela la babu ni elfu mbili na nusu. Unaogopa nini?" Mara ya pili akapiga springi kwa nyundo, zikalia, akasema, "Na hizi? Hizi zinabeba ng'ombe." Mara ya tatu alikuwa anapaka rangi kizingiti cha mlango wa dereva, palipokuwa na kutu, na akajibu bila kugeuka, "Mwamini mjomba wako."

Ijumaa ya safari tulifika kwa Ysidra saa mbili asubuhi. Larkin alikuwa amelala kwangu, au tuseme alikuwa amekaa kwangu, maana kulala hakulala. Tela lilikuwa nyuma, limeoshwa, taa zake zinawaka. Baiskeli mbili zilikuwa zimenyongwa shingo kwenye mto wangu, yake moja na ya rafiki yake ambaye angetukuta kambini. Friji ilikuwa na nyama, mayai na chupa zangu za pichi. Mimi nilikuwa kitini mbele na kofia yangu ya safari.

Ysidra alitoka ofisini akiwa na glovu. "Verna! Umependeza. Unaolewa?"

"Natolewa mahari leo. Kitendawili, Ysidra. Hana mdomo, hana jicho, na ukimkanyaga anakusema ulivyo."

"Huyo si ndiye ninayeishi naye," akasema. "Haya, mkanyageni."

Tukapanda taratibu. Pikapu ikakaa juu ya bamba la chuma, tela likabaki chini kwa nyuma, pua yake tu ikiiegemea pikapu, kama inavyotakiwa. Ysidra alikuwa na uzito wa pikapu tupu tangu Januari, alipoipima siku ya kwanza Larkin alipokuja kujionyesha. Akaandika uzito mpya, akautoa ule wa zamani. Akatoa tena. Akasogea mpaka dirishani.

"Mgongoni, mbali na mnachovuta, mmebeba ratili elfu moja mia tano na tisini, nyinyi wawili mkiwemo. Inaruhusiwa ngapi?"

Larkin akafungua mlango, akainama kutazama kizingiti. Hapo, kwenye kila gari la nchi hii, pana stika ya manjano yenye idadi hiyo. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na rangi mpya, laini, inang'aa.

"Ngoja nitafute kwenye simu," akasema. "Kwa namba ya chesisi..."

"Elfu moja mia moja na hamsini."

Ilikuwa sauti ya Royce. Alikuwa amefika nyuma yetu na pikapu yake nyeupe, ameegemea mlango, kikombe cha kahawa mkononi. Alikuwa ameahidi kuja kutusindikiza, sikushangaa kumwona. Alijibu upesi, kama mtu anayeulizwa siku yake ya kuzaliwa.

Larkin aliinuka polepole. "Umejuaje?"

Royce akazungusha kikombe mkononi.

"Nilikuuliza mara tatu," Larkin akasema. "Umejuaje, Mjomba?"

"Stika ilikuwepo. Niliiona wakati napaka rangi."

"Rangi ulipaka Machi. Ukaiona, ukaibandua, na wiki ya pili ukanisaidia kuingiza friji."

Nami nilikuwa nimeshuka. Ninashuka polepole siku hizi, na anayeshuka polepole huona mambo. Niliona nyuma ya pikapu ya Royce. Mwanangu miaka yote anatembea na donge kubwa la chuma pale nyuma, la tela lake la farasi, halitoi hata akienda kanisani, limenichubua ugoko mara mbili. Leo palikuwa na donge dogo. Jipya, bado lina grisi ya dukani. Donge dogo la namna ile linaingia kwenye pua ya tela moja tu katika familia yetu, kwa sababu Orval alilijenga juu ya fremu ya boti.

Nikalinyooshea kidole.

"Royce. Hili umelifunga lini?"

Akatazama kahawa yake.

"Umelifunga nyumbani," nikasema. "Kabla hatujapima. Ulitoka nyumbani unajua."

Ysidra alirudi hatua mbili, akajifanya anasoma karatasi. Upepo ulikuwa unapeperusha majani ya marobota kwenye uwanja. Nikakumbuka bampa na kulungu wake. Hema na kukoroma. Springi zile nilizomlipia Montrose, kumbe zilikuwa za kuficha kiuno kilichoshuka nilichokiona kwa macho yangu, zikinyanyua gari bila kuliongezea uwezo wa kubeba hata ratili moja. Kila tulichofurahia kilikuwa jiwe, naye alikuwa anajua uzito wake. Majira yote ya baridi mwanangu alikuwa amenitegea, na jibu lilikuwa mfukoni mwake.

"Sikumwongopea mtu," Royce akasema mwishowe. "Inavuta elfu sita, ndivyo ilivyo. Vitu vyote alivitaka."

"Bampa sikulitaka," akasema Larkin.

"Na nisingewaacha mwondoke hivyo. Mama, unanijua. Mzani ungewazuia. Nilijua mzani utawazuia."

"Ndiyo," nikasema. "Ndiwe uliyeutuma mzani useme ili wewe usiseme. Baba yako aliweka sheria hii watu wasife, Royce. Wewe umeifanya mtego."

Uso wake ukawa mwekundu, akapiga teke gurudumu lake mwenyewe. "Nilishika kila ubao wa tela lile! Kila ubao, Mama. Kidole hiki hapa, nyundo ya baba, unakumbuka? Larkin alikuwa wapi? Alikuwa hajazaliwa. Baba alisema litakuwa langu."

"Ungeniambia."

"Ungenipa?"

Nilifikiri. Sikutaka kumdanganya, maana siku ile udanganyifu ulikuwa umetosha. "Sijui," nikasema. "Huenda ningesema hapana. Lakini ningekuwa nakaa kwenye gereji ya mtu ninayemjua."

Larkin hakuwa akilia. Alikuwa anatazama gari lake, juu mpaka chini, kama mtu anayesoma barua upya. "Dukani," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "nilikuwa nawaambia kila Jumatatu. Mjomba wangu ananitengenezea gari. Wenzangu walikuwa wananionea wivu."

Royce akasema, "Larkin..."

"Nyamaza kidogo, Mjomba. Nahesabu."

Akafungua droo, akatoa sanduku la spana.

Saa tatu mpaka saa sita na nusu tulikuwa pale. Ysidra alileta ile mashine yake ya kunyanyulia marobota, akalishusha hema na keria kama anashusha mtoto aliyelala. Bampa likafuata na winchi yake, boliti moja moja. Friji tukaitoa na betri yake, nyama nikahamishia kwenye ndoo ya barafu. Malori mawili ya wafugaji yalikuja kupimwa, yakasubiri, wanaume wakatazama, wakaona nyuso zetu, wakaamua kunywa kahawa ofisini.

Royce alisogea mara moja kushika upande wa bampa lilipokuwa linataka kuanguka. Larkin akasema, "Acha lianguke." Likaanguka. Akarudi kwenye gari lake.

Droo aliziacha mwisho. Alikaa mbele yake, akapitisha dole gumba kwenye lile umbo la jani, akaifungua ile ndefu ya katikati na kutoa nguo zangu, akazikunja upya juu ya kiti. Halafu akaanza kufungua skrubu. Nilitaka kumwambia labda zibaki, labda tutoe kingine, lakini plaiwudi ile nene aliyoichagua Royce ilikuwa ratili mia mbili na kumi. Alijua. Nilishika tochi ili aone za ndani, akanishika mkono, akaushusha. "Naona vizuri, Bibi."

Tukapanda mzani tena. Pikapu ilikuwa na paa lake la nyuma, godoro jembamba la sponji, baiskeli mbili, na sisi. Ysidra akaandika, akatoa, na safari hii hakutoa mara mbili.

"Mia nane na tisini." Akachana tikiti, akampa Larkin dirishani. "Tela ni lako, mwanangu. Nendeni."

Hakuna aliyepiga kelele. Nilikuwa nimeiota siku ile miezi mitano, na katika ndoto yangu palikuwa na vigelegele.

Royce akaja upande wangu. Alikuwa amevua kofia. Vile vitu vilikuwa vimepangwa ukutani kwenye uwanja: hema, bampa, friji, droo zikiwa zimelala chali. "Nitavichukua nivihifadhi gereji," akasema. "Visipigwe mvua. Larkin akirudi..."

"Viache hapa kwa Ysidra," nikamwambia.

"Mama, kutanyesha."

"Vinyeshewe kwa Ysidra."

Akainamisha kichwa, akakubali. Nilidhani nimemaliza, nikashika mkanda wa kiti ili nijifunge, kisha nikauachia. Tangu mazishi ya baba yake Royce alikuwa na ufunguo wa nyumba yangu. Anaingia alfajiri za baridi kuniwashia jiko kabla sijaamka, anakoroga makaa polepole nisishtuke. Miaka sita nimekuwa nikiisikia ile sauti kitandani na kugeukia ukutani nilale tena, kwa raha.

"Nipe ufunguo wangu," nikasema.

Hakuelewa. Kisha akaelewa. Mikono yake ni minene, na pete ile ya funguo ni ngumu. Alihangaika nayo muda mrefu, akavunja ukucha, na Larkin hakuwasha gari mpaka alipomaliza. Aliuweka kwenye kiganja changu, nikaushika. Ulikuwa na joto la mfuko wake.

"Nani atakuwashia jiko?" akauliza.

"Sasa ni Mei," nikasema.

Tukaondoka. Pikapu ilikwenda vizuri, breki za tela zikishika sawasawa kila Larkin alipogusa, na usukani ulikuwa mzito mkononi mwake kama unavyotakiwa kuwa. Rafiki yake wa baiskeli alipiga simu mara mbili, Larkin akamwambia tumechelewa, basi, tumechelewa tu.

Karibu na pale barabara ya Hatchet inapoachana na barabara kuu, Larkin alitazama kioo.

"Mjomba yuko nyuma."

Nami nikatazama kwenye kioo cha upande wangu. Alikuwa mbali, pikapu nyeupe peke yake barabarani, anakwenda polepole ili asitukaribie sana. Juu ya bodi yake ya nyuma niliona miguu ya kiti chake cha kukunja, kile cha kijani alichokuwa akikalia kila mwaka kando ya moto kambini.

"Anakuja kambini," Larkin akasema. Alipunguza mwendo mpaka lori likatupita kwa honi. "Bibi? Nisimame tumsubiri?"

Yule ni mwanangu. Nilimtazama kwenye kioo kile kidogo mpaka macho yakauma.

"Usisimame. Washa indiketa," nikamwambia. "Wa nyuma wajue tunakata."

Akaiwasha, tukakata kuingia barabara ya Hatchet.